Bima nafuu za mafao machache: maswali yanayoulizwa mara kwa mara, Lamu

Maswali haya hurudi kila wakala wa bima anapopita mitaani na kijikaratasi chake cha "shilingi kumi tu kwa siku". Tumeyajibu tukimfikiria mkaazi wa Lamu: mvuvi wa Kizingitini, mkata mawe wa Manda Maweni, mama wa mahamri Langoni, mwendesha boda wa Mpeketoni. Ndugu wa Malindi pia yatawafaa, ila wao hawana bahari ya kuvuka kabla ya kumfikia daktari, kwa hivyo sehemu za boti wazipite tu.

Bima ya mafao machache ni kitu gani hasa?

Ni mkataba ulioshushwa bei kwa kupunguzwa. Kupunguza huko kuna njia nne. Ya kwanza ni kiasi: mkataba unalipa mpaka shilingi 50,000 au 100,000 kwa mwaka, basi. Ya pili ni maradhi: ajali imo, saratani haimo. Ya tatu ni muda: huna haki ya kitu miezi ya mwanzo, au usiku wa kwanza na wa pili hospitalini hauhesabiwi. Ya nne ni mahali: hospitali zilizoorodheshwa tu. Mikataba mingi ya bei ya chini hupunguza kwa njia mbili au tatu kwa pamoja, na hapo ndipo watu hupotea, kwa sababu wakala hukutajia moja.

Sokoni utaikuta kwa sura hizi: fedha taslimu kwa kila usiku unaolazwa, bima ya ajali, bima ya matibabu ya kwenda na kurudi (bila kulazwa) yenye kikomo kidogo, na gharama za mazishi. Mara nyingi hufungwa pamoja na kupewa jina tamu lenye neno "afya" au "familia" ndani yake.

Sheria ya Kenya inaziruhusu?

Ndiyo. Kanuni za bima ndogo za mwaka 2020, zinazosimamiwa na Mamlaka ya Kudhibiti Bima (IRA), zimeweka mipaka: malipo yasizidi shilingi 40 kwa siku, na fidia isizidi shilingi 500,000. Zidisha 40 kwa siku 365, unapata 14,600 kwa mwaka. Hiyo ndiyo dari ya bei. Kwa hivyo ubishi wa hapa kwetu hauhusu kama ziwepo. Unahusu ziuzwe kwa jina gani, kwa nani, na badala ya nini.

Nikiwa nayo, nimeondokewa na wajibu wa SHA (Mamlaka ya Afya ya Jamii, bima ya afya ya serikali)?

La. Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya 2023 imemlazimu kila Mkenya kujiandikisha na SHA, ambayo ilichukua nafasi ya NHIF, mfuko wa zamani wa bima ya hospitali, kuanzia tarehe 1 Oktoba 2024. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75. Asiye na mshahara hufanyiwa tathmini ya kipato cha nyumba yake na kutakiwa alipe kiasi cha mwaka mzima. Cha chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi, yaani 3,600 kwa mwaka. Kadi ya kampuni binafsi haikutoi humo.

Sasa tazama hesabu ambayo kijikaratasi hakikuonyeshi. Shilingi kumi kwa siku, kwa mwaka, ni 3,650. Yule anayeambiwa SHA ni ghali na hii ni rahisi, huenda analinganisha vitu vya bei moja. Tofauti ni kwamba moja inadaiwa kwa mkupuo, na nyingine inanyonywa kidogo kidogo kwenye simu mpaka usiihisi. (Wako ambao tathmini imewapandishia kiwango juu zaidi ya 300, kwao hesabu ni nyingine, na malalamiko yao yana msingi.)

Jambo jingine linalosahauliwa: kujiandikisha pekee, hata kabla hujalipa shilingi, kunakupa matibabu ya msingi katika zahanati na vituo vya afya, yaani ngazi ya 2 na ya 3, yanayogharamiwa na mfuko wake wenyewe wa serikali. Homa, kikohozi, kliniki ya wajawazito, yote hayo humo. Kununua bima binafsi ya "kwenda na kurudi" kwa ajili ya homa ilhali zahanati ya kijijini inafanya kazi na ina dawa ni kulipia maji ya mvua. Zahanati isipokuwa na dawa, hapo tunaelewana.

Nionyesheni kwa bili.

Tuchukue mkataba wa mfano. Huu tumeutunga kwa hesabu tu, haujatoka kampuni yoyote: shilingi 10 kwa siku, hulipa 1,000 kwa usiku kuanzia usiku wa tatu, mpaka mausiku 20 kwa mwaka, ajali 50,000, mazishi 30,000, uzazi haumo.

Mtu kalazwa na nimonia mausiku manne katika hospitali ya ngazi ya 4. Kwa viwango ambavyo SHA ilianza navyo, kitanda cha ngazi hiyo hulipiwa 3,360 kwa siku, kwa hivyo hospitali inapata 13,440 kutoka kwa mfuko. Mkataba wetu wa mfano unaruka usiku wa kwanza na wa pili, unalipa wa tatu na wa nne: shilingi 2,000 mkononi. Zinafaa. Zinalipa boti, chai ya anayemuuguza, pengine na deni la duka. Bili haziigusi.

Mama kajifungua kwa upasuaji. SHA hulipa 30,000; kujifungua kwa kawaida 10,000. Mkataba wetu hulipa sifuri. Hata ile yenye uzazi ndani yake kwa kawaida hudai ungoje miezi tisa, kumi, hata kumi na miwili tangu kujiunga. Aliyejiunga mimba ikiwa ya miezi mitatu amechelewa.

Figo sasa. Kusafisha damu ni mara mbili kwa wiki, mara 104 kwa mwaka. Kwa kiwango cha 10,650 kila mara, mwaka unakula shilingi 1,107,600. Tuseme una bima yenye kikomo cha 100,000 na figo zimetajwa ndani yake. Mara ya tisa utakuwa umetumia 95,850. Ya kumi haitoshi. Yaani bima ya mwaka imekwisha wiki ya tano. Ile kadi bado iko mfukoni, inang'aa vilevile.

Basi kwa nini wapo wanaozitetea?

Kwa sababu zenye uzito, tusizipuuze. Gharama nyingi za ugonjwa Lamu haziko kwenye bili ya hospitali. Mgonjwa wa Faza au Kiwayu akipewa rufaa ya Mombasa kuna boti mpaka Mokowe, kuna basi kupitia Garsen, kuna mtu wa kumsindikiza, kuna pahala pa kulala msindikizaji, na kuna siku ambazo watu wawili hawafanyi kazi. Hakuna fungu la SHA linalolipa nauli ya dada yako wala wali wake. Fedha taslimu za kulazwa zinaziba pengo hilo hasa, na hazikuulizi umezitumia wapi.

Hoja ya pili ni mazoea. Mtu ambaye hajawahi kulipa bima yoyote maishani akilipwa dai lake la kwanza la shilingi 3,000, ataamini kwamba bima hulipa. Watetezi huiita ngazi ya kwanza. Hoja ya tatu ni uhuru: mkata mawe wa Maweni anajua kwamba hatari yake ni jiwe na tindo. Kumkataza asinunue bima ya ajali pekee, eti mpaka anunue kila kitu, ni kumwacha bila chochote.

Hoja dhaifu, ambayo husikika kuliko zote, ni ile ya "kidogo ni bora kuliko hakuna". Inategemea kile kidogo kimekaa mahali pa nini. Kama kimemfanya mtu aache kulipa SHA, kidogo kimemnyang'anya kikubwa.

Na wanaozipinga wanaogopa nini?

Wanaogopa mfuko kugawanyika. Rudi kwenye hesabu ya figo: mgonjwa mmoja hutumia 1,107,600 kwa mwaka. Kwa mchango wa 3,600 inahitajika michango ya watu 308 ambao hawaugui kabisa mwaka ule ili alipiwe yeye peke yake. Watu hao wengi wao ni vijana wa mabodaboda, wavuvi wenye misuli, wasichana wa saluni. Ndio hao hao wanaofuatwa na wakala wa bima ya bei ya chini, maana kampuni inapenda wasiougua. Wakihama wote kwa shilingi kumi zao, mfuko mkubwa unabaki na wazee na wagonjwa, na mchango lazima upande au malipo yapungue.

Hili si nadharia tupu. Tanzania walikuwa na Toto Afya Kadi, shilingi 50,400 za kwao kwa mtoto kwa mwaka. Wazazi wengi walingoja mtoto augue ndipo wakamkatie kadi. Ukiwa mzazi utafanya hivyohivyo, hakuna dhambi. Lakini mfuko unaopokea wagonjwa watupu hauwezi kusimama, na mwaka 2023 NHIF ya Tanzania ilisimamisha kuandikisha mtoto mmoja mmoja, ikataka waingie kwa makundi kupitia shule zao. Bima yoyote ya hiari, kubwa au ndogo, inaandamwa na tatizo hili. Zile ndogo hujikinga kwa vipindi vya kungoja na kuyatenga maradhi ya zamani, ndiyo maana mikataba yake imejaa "isipokuwa".

Hofu ya pili ni ya jina. Mtu akiitwa "mwenye bima ya afya" huacha kuweka akiba ya ugonjwa, huenda hospitali ya bei kubwa akidhani atalipiwa, kisha hushtukia kaunta. Aliye bila bima angalau anajua hana.

Nchi nyingine zimeamuaje?

Afrika Kusini ndiko ubishi huu umekaa muda mrefu. Sheria yao ya 1998 inailazimu kila skimu ya matibabu, yaani mfuko wa matibabu wa wanachama, kulipia mafao ya lazima, orodha ya magonjwa karibu 270 pamoja na maradhi ya kudumu. Ni kinga nzuri kwa aliye ndani, lakini imeipandisha bei kiasi cha wafanyakazi wa kipato cha chini kubaki nje. Kampuni za bima zikaleta mikataba midogo ya kumwona daktari na dawa. Kanuni za 2017 zilitaka kutenganisha biashara ya bima na ya skimu, mikataba hiyo midogo ikapewa msamaha wa muda, na msamaha umeongezwa tena na tena huku watu wakibishana kama skimu nazo ziruhusiwe kuuza mafao machache. Wakati huohuo Rais Ramaphosa alitia saini sheria ya bima ya afya ya taifa tarehe 15 Mei 2024, ambayo ina mwelekeo wa kinyume kabisa: mfuko mmoja wa wote.

Marekani kamba imevutwa huku na huku. Sheria ya 2010 iliondoa vikomo vya mwaka kwenye mafao ya msingi, lakini mikataba midogo ya waajiri ikapewa ruhusa ya kuendelea mpaka 2014. Mikataba ya muda mfupi, ambayo nayo inaruhusiwa kuwakataa wenye maradhi ya zamani, ilibanwa kuwa ya miezi mitatu mwaka 2016, ikaachiwa 2018 mpaka siku 364 na kuongezewa hadi miezi 36, ikabanwa tena 2024 isizidi miezi minne. Kila serikali inayoingia hufungua fundo la iliyotoka.

India walianza na kikomo kidogo makusudi: mpango wa 2008 kwa familia maskini ulilipa rupia 30,000 kwa familia kwa mwaka. Miaka kumi baadaye mpango mpya ulikiweka kikomo kuwa 500,000. Waliongeza kikomo, lakini mfuko ulibaki wa serikali, na hiyo ndiyo sehemu ya kuigwa.

Tanzania Bara nao walianzisha CHF (mfuko wa afya ya jamii) iliyoboreshwa: shilingi 30,000 kwa kaya ya watu wasiozidi sita, matibabu kuanzia zahanati hadi hospitali ya mkoa. Hiyo pia ni bima ya mafao machache ukiitazama vizuri, sema imeendeshwa na umma na haichagui mgonjwa.

Nyinyi wenyewe mko upande gani?

Ziruhusiwe, kwa masharti matatu. Ziitwe kwa majina yake: "fedha za kulazwa", "bima ya ajali", na neno "bima ya afya" lisiandikwe juu ya mkataba usiolipa bili ya hospitali. Ukurasa wa kwanza uwe na yale isiyolipa, kwa Kiswahili na kwa herufi za ukubwa uleule wa yale inayolipa. Na wakala, kabla hajapokea senti, amuulize mteja kama amelipa SHA. Ikiwa bado, amwambie aanzie huko. Sharti la tatu mawakala hawatalipenda, kwa kuwa kamisheni yake haipo.

Nisome nini kabla ya kulipa?

Anzia mwisho wa mkataba, penye "haitalipia". Kisha tafuta majibu ya haya:

Orodha ya hospitali. Usiulize ziko ngapi. Uliza iliyo karibu na wewe ni ipi. Orodha ya hospitali mia tatu haikusaidii kitu ikiwa ya kwanza kwako iko Malindi, zaidi ya kilomita 200 za barabara baada ya boti.

Ambulensi. Uliza kwa maneno haya: "Boti imo?" Mikataba mingi imeandikwa na watu wa bara, na ambulensi kwao ina magurudumu. Kisiwani Lamu chenye magurudumu ni nadra. Punda wa mji huu wana kliniki yao ya bure. Binadamu ana mkataba, na mkataba hausomi ramani. Jibu la wakala lipate kwa maandishi, hata kwa ujumbe wa simu.

Maana ya "kulazwa". Wengi hutaka saa 24 kamili kitandani. Ukiingia saa nne za asubuhi ukatolewa kesho yake saa tatu, ni saa 23, huna dai.

Kikomo ni cha nani? Shilingi 100,000 "kwa familia" yenye watu sita, mmoja akizitumia, watano wamebaki na kadi. "Kwa kila mtu" ni jambo jingine.

Umri. Wengi hufunga mlango wa kuingia miaka 60 au 65. Watoto huhesabiwa mpaka miaka 18, au zaidi kidogo wakiwa masomoni, na utadaiwa barua ya shule.

Siku za neema. Ukikosa kulipa, una siku ngapi kabla ya mkataba kufa? Na ukifufuliwa, kipindi cha kungoja kinaanza upya? Kwa wavuvi swali hili lina uzito kuliko yote.

Mimi ni mvuvi. Kusi ikiingia sina kitu. Nilipe vipi?

Kusi inavuma tangu Aprili mpaka karibu Septemba, na bahari ya nje haiendeki kwa vyombo vidogo siku nyingi za katikati yake. Mkataba wa kulipa kila siku unamfaa mtu anayepata kila siku. Kwako, miezi mitano ya kaskazi ndiyo inayolipa mwaka. Kwa hivyo kila unapopewa chaguo, lipa kwa mwaka, ulipe msimu wa kaskazi, Desemba au Januari, wakati samaki wapo na wageni wapo. Shilingi 3,600 zikigawiwa miezi mitano ni 720 kwa mwezi. Kwa SHA kuna mpango wa Lipa SHA Pole Pole: unapewa mkopo unaolipia mwaka mzima, nawe unaurudisha kwa awamu. Uangalie vizuri gharama ya mkopo na tarehe za kurudisha. Ukiuchukua Machi, marejesho yanakukuta ndani ya kusi.

Usijiunge na bima ya kila siku mwezi wa Februari. Kipindi cha kungoja kitakwisha Aprili au Mei, ndipo pesa zinakatika, mkataba unakufa kabla haujakufaa siku hata moja.

Mama yangu ana kisukari na presha. Nimkatie bima nafuu?

Kwa ugonjwa huo, hapana. Ni "maradhi yaliyokuwepo kabla", ama yametengwa kabisa ama yana kungoja mwaka. Na usimfiche: daktari akiandika "ana kisukari tangu miaka mitano iliyopita" kwenye karatasi ya kutoka, dai la hata kidonda cha mguu litakataliwa na mkataba kufutwa kwa udanganyifu. Fedha zako zipeleke SHA kwanza. Ukibakiwa na ziada, tia kwenye akiba ya dawa.

Kikundi chetu cha BMU (cha kusimamia ufuo wa wavuvi) kina watu 120. Tununue pamoja?

Mara nyingi ndiyo njia bora. Kikundi hupewa bei ya chini, na kampuni nyingi hulegeza kipindi cha kungoja kwa sababu wote mmeingia, wagonjwa na wazima. Lakini tahadharini na mambo mawili. Malipo yakikusanywa na mhazini akachelewa siku kumi, si yeye aliyelegea peke yake. Wote 120 hamna bima siku hizo kumi. Lipeni kutoka akaunti ya kikundi moja kwa moja, na risiti ibandikwe ubaoni. Pili, orodha ya majina iliyopelekwa kampuni ndiyo mkataba. Aliyejiunga na kikundi mwezi uliopita na jina halijapelekwa, hayumo, hata kama amelipa.

Msijaribu kuwa kampuni wenyewe. Watu 120 kwa 3,600 ni shilingi 432,000. Upasuaji mkubwa wa watu wawili katika hospitali binafsi unaweza kuumaliza mfuko. Changieni mazishi na nauli ya rufaa, hayo mnayaweza. Maradhi makubwa yaachieni bwawa kubwa.

Madai hukataliwa kwa sababu zipi hasa?

Ya kwanza kwetu ni majina. Kitambulisho kimeandikwa Muhammad, fomu ya hospitali Mohamed, simu iliyosajiliwa kwa jina la mke. Athman na Athumani kwa karani wa Nairobi ni watu wawili. Siku ya kulazwa mpe karani kitambulisho chenyewe, umsimamie aandike herufi kwa herufi.

Ya pili ni kuchelewa. Mkataba hutoa siku 30, 60 au 90 za kuleta dai. Mtu hutoka hospitali, hupumzika, kisha mfungo unaingia, na siku zimepita.

Ya tatu, ruhusa ya awali. Kwa upasuaji usio wa dharura, hospitali lazima iiulize kampuni kabla. Wakikata kwanza na kuuliza baadaye, bili ni yako.

Nyingine ni ndogo ndogo: karatasi isiyo na muhuri, risiti ya mkono, ajali isiyoripotiwa polisi, mtoto aliyezaliwa nyumbani asiye na cheti.

Nikitoka hospitali nifanye nini, kwa mpangilio?

Usiondoke wodini bila karatasi ya kutoka yenye tarehe na saa ya kuingia, tarehe na saa ya kutoka, jina la ugonjwa, sahihi na muhuri. Kurudi kuifuata kutoka Kiunga ni safari ya siku nzima. Chukua bili iliyochanganuliwa na risiti zake. Piga picha kila karatasi kabla hujaitoa mkononi. Jaza fomu ya dai siku ileile au kesho yake. Sehemu ya daktari ajaze daktari. Tuma, na uombe namba ya dai. Baada ya wiki moja uliza kwa namba hiyo, kwa maandishi.

Je, ni halali kidini?

Wanazuoni hutaja mambo matatu katika bima ya kawaida: riba, kwa namna fedha zinavyowekezwa, gharari, kununua usichokijua, na kamari. Takaful, yaani bima ya Kiislamu, imepangwa kuyaepuka: mnachangia mfuko kwa nia ya kusaidiana, kampuni ni wakala anayelipwa ujira unaojulikana, uwekezaji hauendi kwenye haramu, na kuna jopo la sharia linalosimamia. Kenya imekuwa na kampuni ya aina hiyo tangu 2011. Fatwa si kazi yetu. Sheikh wako yupo. Tunaongeza jambo moja la kibiashara: takaful nayo ina vikomo na kungoja, na jina halikuondolei kazi ya kusoma.

Bima ya mazishi ina faida kwa Mwislamu?

Ndogo kuliko inavyouzwa. Kampuni inayojisifu kulipa ndani ya saa 48 imefikiria mazishi ya wiki mbili, mochari na mabasi. Hapa maiti huzikwa siku ileile au asubuhi yake, na sanda na ubao ni vya mtaa. Fedha zitakuja baada ya matanga, zitawafaa mjane na watoto, na kwa lengo hilo ni sawa kuinunua. Kama unainunua kwa ajili ya kaburi, umekosea hesabu.

Nitamjuaje wakala wa kweli?

Kampuni na wakala, wote wawili, lazima wawe na leseni ya IRA, na orodha yao iko wazi kwenye tovuti ya mamlaka. Leseni ni ya mwaka, kwa hivyo tazama mwaka. Malipo yaende kwenye namba ya biashara yenye jina la kampuni. Namba ya simu ya mtu, hata akiwa binamu yako, kataa. Baada ya kulipa lazima upate ujumbe wenye namba ya mkataba. Usipoupata siku hiyo, piga simu kampuni yenyewe kwa namba uliyoitoa kwenye tovuti yao, usitumie aliyokuandikia yeye.

Dai limekataliwa na naona nimeonewa. Niende wapi?

Taka barua inayotaja kifungu cha mkataba kilichotumika kukataa. Kukataliwa kwa simu hakuna mguu. Jibu barua hiyo kwa maandishi, ukiambatanisha picha za karatasi zako, na wape tarehe. Wasipojibu, au wakijibu vilevile, peleka malalamiko IRA ukiwa na nakala ya mkataba, barua yao, barua yako na ujumbe wa malipo. Kuwasilisha hakulipiwi, na huhitaji wakili. Kwa yanayohusu SHA, anzia dawati lao lililoko hospitali au piga *147# kuhakikisha kwanza kama jina lako na malipo yako yanaonekana, maana mizozo mingi ya kaunta huwa imeanzia hapo.